Tangazo si Mazungumzo: Deni la Shule kwa Wazazi

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii walimu wengi wa Kiswahili huitumia kuwafundisha wanafunzi wao kwamba wito haupuuzwi. Maana yake ni wazi: watu wakisikia pembe, na waache shughuli zao, wakusanyike, wapate kuambiwa lililotokea. Hata hivyo, methali inaishia pale ambapo swali gumu linaanzia. Watu wakishakusanyika, ni nani atakayesema na ni nani atakayesikiliza? Aliyeitwa amekuja kupokea amri, au amekuja kutoa na kupokea shauri? Na akiwa na neno lake moyoni, atapewa nafasi ya kulisema?

Nataka kulielekeza swali hili kwenye shule zetu za umma na kwenye ofisi za elimu za wilaya zinazozisimamia. Kila muhula shule hupeleka habari kwa wazazi: siku ya kufungua, mchango wa chakula cha mchana, matokeo ya mitihani, ujenzi wa vyoo, nidhamu ya watoto. Ofisi ya wilaya nayo hutuma nyaraka kwa walimu wakuu, na walimu wakuu huzibandika ubaoni. Mwisho wa mwaka taarifa huandikwa kwamba "wazazi walijulishwa". Je, kujulishwa huko kunatosha? Shule imekwisha timiza wajibu wake mara inapotoa habari, au wajibu huo unaendelea mpaka mzazi aelewe, ajibu, na jibu lake lisikiwe?

Hili si swali la utawala peke yake. Ni swali la maadili, kwa kuwa linahusu haki ya mtu juu ya jambo lililo lake, na heshima anayostahili mzazi ambaye huenda hajui kusoma, lakini ndiye aliyemzaa na kumlea mtoto tunayejivunia kumfundisha. Rai yangu ni kwamba habari za shule ni amana ya wazazi iliyowekwa mikononi mwetu. Kuirudisha amana si hisani. Tena hairudishwi kwa kuitupa mlangoni mwa mwenyewe na kwenda zetu. Hurudishwa mkononi mwake, naye akakiri kwamba ameipokea.

Lugha yenyewe inasemaje

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kuanza na maneno, na hapa desturi hiyo inatufaa. Tazama kitenzi "kutangaza". Asili yake ni kutangaa, yaani kuenea na kujulikana kila mahali. Anayetangaza hulifanya jambo litangae. Kitenzi hiki hakihitaji kumtaja msikilizaji. Mtu aweza kutangaza sokoni, aweza kutangaza porini ambako hakuna mtu, na bado tukasema kwamba ametangaza.

Sasa tazama vitenzi vingine. Kutokana na kusikia tumepata kusikiliza, yaani kusikia kwa makusudi. Na kutokana na kusikiliza tumepata kusikilizana. Kutokana na kuelewa tumepata kuelewana. Kutokana na kushauri, kushauriana. Kutokana na kupata, kupatana. Kauli hii ya kutendana haikubali mtu mmoja. Huwezi kuelewana peke yako, wala kupatana na kivuli chako. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba maneno haya yanapoingia katika kauli ya kutendana huongezewa maana: kuelewana si kila mmoja kufahamu maneno ya mwenziwe tu, bali pia kuishi kwa amani, kusikilizana si kutegeana masikio tu, bali pia kukubaliana. Ni kana kwamba waliotuachia lugha hii waliona kuwa watu wakisikia pande zote mbili, mapatano huwa karibu.

Hata neno "habari" lina funzo lake. Katika maamkizi yetu habari huulizwa kabla ya kutolewa. Mgeni hafiki barazani akaanza kumwaga ya kwake. Huuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, kisha naye huulizwa. Lakini barua nyingi za shule hazimwulizi mzazi neno. Humwita, humwamuru, humkumbusha, humwonya. Na chini hutiwa sahihi na muhuri. Kisarufi, shule zetu zimebobea katika kauli ya kutendea: kumwandikia mzazi, kumsomea, kumwamulia. Katika kauli ya kutendana bado ni wanafunzi.

Shilingi 13 katika kila 100

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya sarufi, na kwamba wazazi hawadhuriki kwa kunyimwa kauli moja ya kitenzi. Basi na tutazame mfano wa nchi ya Uganda, maana hapo hasara ilihesabika kwa fedha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi kwa kadiri ya idadi ya wanafunzi. Ruzuku hiyo haikuwa ya mishahara, bali ya vitabu, chaki na matumizi mengine ya shule, nayo ilipitia mikononi mwa wilaya. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule 250 za serikali ili kulinganisha fedha zilizotoka hazina na fedha zilizopokelewa shuleni kati ya mwaka 1991 na 1995. Wachunguzi Ritva Reinikka na Jakob Svensson wakaonyesha kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa kwa ajili ya shule, ni shilingi 13 tu zilizofika. Shule nyingi hazikupata chochote. Wakati huohuo wazazi ndio waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya gharama za shule kwa michango yao.

Ilikuwaje hasara kubwa namna hiyo isizushe kelele? Jibu ni kwamba wenye haki hawakujua kwamba wana haki. Mzazi aliyetoa kuku wake sokoni ili alipe mchango wa chaki hakuwa na habari kwamba chaki ile ilikwisha lipiwa. Mtu hawezi kudai asichokijua. Ukimnyima habari ya haki yake, umemnyima haki yenyewe, hata kama hujamgusa kwa mkono wala kumtukana kwa ulimi.

Uchunguzi huo ulifichua jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ni zito zaidi. Shule zilizokuwa katika jamii zenye uwezo mkubwa zilipata fungu kubwa kuliko shule za watu maskini. Kanuni ya ruzuku ilikuwa moja kwa wote, lakini wenye sauti waliweza kufuatilia, kuuliza na kusisitiza. Wasio na sauti walingoja. Kwa hiyo ukimya wa ofisi haukuwadhuru wote sawasawa. Uliwadhuru zaidi wale ambao shule ya umma imeanzishwa hasa kwa ajili yao.

Baada ya hapo serikali ilianza kuchapisha magazetini, yakiwamo ya lugha za wenyeji, kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya kwa kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Wachunguzi waliona pia kwamba walimu wakuu wa shule zilizo karibu na mahali magazeti yanapouzwa walizijua zaidi kanuni za ruzuku na wakati wa kutolewa kwake, na shule zao zilinufaika zaidi kuliko zile za mbali.

Msomaji makini ataniuliza: je, mfano huu hauipingi rai yako? Magazeti yametangaza tu, na fedha zimefika. Basi tangazo linatosha! Hapana. Kwanza, wako waliosema baadaye kwamba si haki kulipa gazeti sifa yote, kwa sababu katika miaka hiyohiyo yalikuwapo mabadiliko mengine mengi katika usimamizi wa fedha na wa elimu. Pili, tangazo lilifaa pale lilipomkuta mtu awezaye kulisoma na kulifuatilia. Mwalimu mkuu aliyelisoma gazeti aliweza kwenda wilayani na kuuliza: hizi zetu ziko wapi? Kwa maneno mengine, tangazo lilizaa matunda pale lilipogeuka kuwa swali, na swali likalazimisha jibu.

Jaribio jingine lililofanywa baadaye katika shule 100 za msingi za vijijini nchini Uganda linatuongezea mwanga. Kamati za baadhi ya shule zilipewa karatasi ya kuipima shule, yenye vigezo vilivyokwisha amuliwa na wataalamu. Kamati nyingine zilisaidiwa kukaa pamoja, wazazi na walimu, na kuamua zenyewe ni mambo gani ya kupima katika shule yao. Katika kundi la kwanza hayakuonekana mabadiliko ya maana. Katika kundi la pili alama za wanafunzi zilipanda, na utoro wa wanafunzi na wa walimu ukapungua. Karatasi ilikuwa karatasi kotekote. Tofauti ilikuwa kwamba hawa waliulizwa, na wale waliletewa.

Maana ya neno "bure"

Madhara ya kutangaza bila kuzungumza hayaishii kwenye fedha. Huingia pia katika fikra za watu. Mwezi Januari mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa karibu milioni 3 mwaka uliotangulia, ilipanda ikapita milioni 5 katika mwaka mmoja. Hili ni tendo kubwa, na anayelibeza hakuwaona watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa ada.

Lakini neno lililosafiri haraka kuliko maelezo yote lilikuwa "bure". Wazazi wengi walilielewa kwamba serikali imechukua mzigo wote: ada, chakula, sare, daftari, ukarabati, na hata malezi. Kuanzia hapo, mwalimu mkuu alipowaita wazazi kuzungumzia uji wa watoto, jibu la kawaida lilikuwa: je, hatukuambiwa kwamba ni bure? Wako walioona katika jibu hilo uvivu na ubahili. Mimi naona ndani yake mantiki safi. Wazazi waliambiwa jambo. Hawakushirikishwa katika kulifikiri. Waliipokea shule kama mtu anavyopokea zawadi, na mwenye kupewa zawadi haulizi imetengenezwaje wala hajioni kuwa mwenye wajibu wa kuitengeneza inapoharibika. Shule iliyojengwa kwa jasho la kijiji ikaanza kuitwa "shule ya serikali".

Kama wangeketi pamoja tangu mwanzo na kuulizana: serikali imetoa hiki, kimebaki hiki, ninyi mwaweza nini, na je, mnaona jambo hili ni la haki? yamkini neno "bure" lingepata mipaka yake. Neno lisilojadiliwa hujaa maana anayoitaka msikilizaji, na msemaji hana haki ya kulalamika.

Hoja za wanaopinga

Zipo hoja tatu ambazo walimu wenzangu huzitoa mara kwa mara, na si haki kuzipita bila kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba wazazi wengi hawakusoma, basi hakuna faida ya kuwaeleza mambo ya ruzuku, mitaala na mitihani. Hoja hii inachanganya kutojua kusoma na kutojua kufikiri. Mzee asiyejua herufi hugawa urithi wa ng'ombe kwa watoto wa wake watatu bila kumdhulumu hata mmoja. Mama muuza ndizi huweka mahesabu ya mikopo ya watu ishirini kichwani. Watu kama hao hawashindwi kuelewa kwamba zimeingia shilingi kadhaa, zikatumika kadhaa, na zimebaki kadhaa. Kama hawaelewi maelezo yetu, yafaa tuyachunguze maelezo kabla ya kuwachunguza wao. Mwalimu ambaye darasa lake zima halikuelewa somo hawezi kujitetea kwamba alilifundisha.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Yasemwa kwamba wazazi wakipewa sauti katika kila jambo, mwalimu atapoteza heshima na uhuru wa kazi yake. Leo watauliza juu ya fedha. Kesho watataka kuchagua mwalimu wa kabila lao. Keshokutwa watadai mtoto aliyeshindwa apandishwe darasa. Hofu hii si ya bure. Jamii nayo yaweza kukosea, na sauti ya wengi yaweza kuwa ya dhuluma, hasa kwa mtoto wa mgeni, mtoto mlemavu, au msichana aliyepata mimba. Mwalimu ana dhamana kwa mtoto ambayo haiwezi kufutwa kwa kura ya mkutano.

Hata hivyo, kusikiliza si kutii. Daktari humsikiliza mgonjwa kwa makini, na bado haandiki dawa kwa amri ya mgonjwa. Yako mambo ambayo wazazi wana haki ya kuyaamua pamoja nasi, kama vile matumizi ya michango yao, chakula cha watoto wao na saa za masomo wakati wa mavuno. Yako mambo ambayo wana haki ya kuelezwa sababu zake, ingawa uamuzi ni wa mwalimu, kama vile kumrudisha mtoto darasa. Na yako mambo machache ambayo hayajadiliwi, kama usalama na utu wa mtoto. Lakini hata hayo yanahitaji kuelezwa. Mwalimu anayeweza kutoa sababu hapotezi heshima yake. Heshima inayopotea kwa swali moja la mzazi ilikuwa hofu iliyovaa joho la heshima.

Hoja ya tatu ni kwamba wazazi wenyewe hawaji mikutanoni. Hili ni kweli, tena linauma. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inaitambua kamati ya usimamizi ya kila shule ya msingi ya umma, na wazazi wana wawakilishi wao ndani yake. Lakini nafasi ikiwapo na mtu asiikalie, sheria haiwezi kumkalia. Kauli ya kutendana inawadai wazazi pia. Mzazi anayelaumu barabarani na kunyamaza mkutanoni ameivunja ile amana kwa upande wake. Na anayekuja mkutanoni ili kumfokea mwalimu mbele ya watoto hajaja kuzungumza: lugha yetu inatofautisha kujibu na kujibizana.

Pamoja na hayo, yafaa tuulize mkutano ulikuwa wa namna gani. Nimehudhuria mikutano ya wazazi katika shule nyingi, na utaratibu wake wafanana. Wazazi huitwa saa nne. Wageni wa heshima hufika saa saba. Hotuba hufuatana mpaka jua linaposhuka. Kisha mwenyekiti hutangaza kwamba kwa sababu ya uhaba wa wakati yatapokelewa maswali mawili tu. Mama aliyeacha shamba lake kwa siku nzima hurudi nyumbani na neno lake mdomoni. Mwaka unaofuata haji. Nani amekosa kuhudhuria: mama ambaye hakuja, au shule ambayo ilikuwapo lakini haikumsikia?

Barua iandikwe kwa lugha gani?

Swali hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko wote, na ndipo tunapotakiwa kuwa wakweli zaidi.

Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda umeagiza kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao panapowezekana. Sababu yake ni njema: mtoto hujifunza vizuri kwa lugha anayoielewa. Lakini katika shule kadhaa nilizozipitia nimeona mtoto akisoma hadithi kwa lugha ya mama yake asubuhi, na jioni akibeba barua ya Kiingereza kumpelekea mama huyohuyo. Barua ile husomwa na nani? Husomwa na mtoto mwenyewe, kama ameweza, au na jirani. Mtoto akiwa mtoro, ndiye atakayemsomea mama yake barua ya utoro wake! Hapo shule haijazungumza na mzazi. Imezungumza na jalada lake yenyewe.

Wengine wamelifikiri jambo hili kabla yetu. Nchini Marekani, ambako shule za umma huendeshwa na wilaya za shule zenye bodi zake, ulitolewa waraka wa serikali mwezi Mei mwaka 1970 ukisema kwamba wilaya zina wajibu wa kuwafikishia wazazi wa jamii za wachache habari zilezile wanazofikishiwa wazazi wengine, na kwamba ili habari hizo zifae, huenda zikalazimika kutolewa kwa lugha isiyo Kiingereza. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliutegemea waraka huo. Iliona kwamba kuwapa watoto wote vitabu vilevile na walimu walewale si usawa, ikiwa wengine hawaelewi lugha inayotumika. Na katika miaka ya karibuni wilaya kadhaa za huko zilizopokea wakimbizi kutoka Kongo zimekuwa zikiwaandikia wazazi hao barua za Kiswahili. Lugha yetu imevuka bahari ili mzazi aelewe lini mwanawe anafunguliwa shule. Lakini hata huko tafsiri peke yake haitoshi: mzazi wa Bukavu au Lubumbashi, aliyezoea maneno yenye asili ya Kifaransa, aweza kusita mbele ya maneno "muhula" na "likizo" ya Kiswahili sanifu. Barua yaweza kuwa sahihi kisarufi na bado isimfikie mtu.

Kutokana na hayo, nasema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wasomaji wa jarida hili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, nasi twafurahi na kukitetea. Hata hivyo, mahali ambapo wazazi wanasema Kiteso au Kilugbara na Kiswahili hawakijui, kuwaandikia kwa Kiswahili ni kulirudia kosa la Kiingereza kwa rangi nyingine. Huko barua iandikwe kwa lugha yao, na mwalimu wa Kiswahili awe wa kwanza kusema hivyo. Mahali pa Kiswahili ni pale kinapowaunganisha wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja: katika miji ya mipakani, katika kambi za askari, katika masoko, na katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongo wengi hukisema. Huko kumwandikia mzazi kwa Kiingereza na kuacha Kiswahili ni uzembe usio na udhuru. Lugha hupata heshima kwa kuwafaa watu.

Wajibu wetu

Tufanye nini basi? Siamini kwamba pana haja ya kungoja waraka mpya kutoka juu. Yako mambo madogo ambayo shule yoyote yaweza kuyaanza muhula ujao.

Mapato na matumizi ya shule yabandikwe nje, mahali ambapo mpita njia ataona, wala si ndani ya ofisi ambamo mzazi huingia kwa hofu. Tena yaandikwe kwa lugha ya wazazi, kwa tarakimu chache na zilizo wazi, na yasomwe kwa sauti mkutanoni kwa ajili ya wasiosoma. Mkutano uanze na maswali ya wazazi, na hotuba zifuate. Kila mkutano ufunguliwe kwa kueleza yaliyofanyika kuhusu maneno ya mkutano uliopita. Na kama halikufanyika lolote, na lisemwe hilo, pamoja na sababu yake. Mwalimu amwite mzazi angalau mara moja kwa mwaka kumpa habari njema ya mtoto wake, ili wito wa shule usizoeleke kuwa wito wa mashtaka. Na ofisi ya wilaya, inapopeleka waraka kwa shule, idai kurudishiwa kile wazazi walichosema, badala ya sahihi tu kwamba waliambiwa.

Kati ya haya yote, la kujibu maneno yaliyopita ndilo naliona kuwa mzizi. Mtu huvumilia kukataliwa ombi lake akielezwa sababu. Asichoweza kukivumilia ni kusema mwaka baada ya mwaka bila kujua kama maneno yake yaliangukia sikioni au mavumbini.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tulifundishwa kuandaa somo, na katika kila andalio palikuwa na nafasi ya kuandika majibu tunayoyatarajia kwa wanafunzi. Tulijua kwamba somo lisilo na majibu ya wanafunzi si somo, ni hotuba. Kanuni hiyo tuliyoikubali kwa mtoto wa miaka saba, kwa nini tuikatae kwa baba yake na mama yake? Walimu wenzangu, muhula ukianza na barua zikiwa tayari kutiwa muhuri, tuisome kila moja na kujiuliza: mzazi akitaka kuijibu barua hii, ataijibia wapi, na ni nani atakayemsikiliza? Kama jibu halipo, barua hiyo haijawa tayari kutumwa.